Wimbo wa Kiti cha Pili

Hospitalini walimwita Mama Wanga, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alirudi nyuma hatua moja. "Si wanga wa usiku," wenzake wangemtoa hofu, "ni wanga wa mashuka." Kwa miaka kumi na minane alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, na hakuna shuka lililotoka mikononi mwake likiwa limelegea. Alikuwa na miaka arobaini na nane, mjane, mwenye mabega ya mtu aliyeinua mafurushi ya nguo mbichi nusu ya maisha yake. Akisema shuka hili lirudi majini, linarudi, hata kama limelaliwa na daktari mkuu.

Redio ilikaa juu ya kabati la sabuni. Kikipigwa "Kiti cha Pili", mazungumzo yalikatika yenyewe. Wimbo huo hakuna asiyeujua. Uliimbwa na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Chiriku, sauti nyembamba iliyotetemeka mwishoni mwa kila mstari kama ya mtu anayejizuia kulia mbele za watu:

*Kiti cha pili sijakiondoa,*
*kila asubuhi nakifuta vumbi.*
*Tundu la moto kwenye moyo wako*
*nililiziba kwa uzi wa rangi nyingine.*
*Rudi, mpenzi wangu, uje unigombeze.*

Walioachwa waliulilia. Waliooana waliucheza, ingawa mwenye akili zake angejiuliza wimbo wa kuachwa umefuata nini harusini. Mzee wa boila, aliyewapelekea mvuke wa mashine, alikuwa akisimulia kwamba mkewe alirudi nyumbani kwa sababu ya wimbo ule, kisha akaondoka tena kwa sababu yake yeye mwenyewe. Magazeti yaliandika kurasa nzima juu ya ule uzi wa rangi nyingine. Moja lilisema wapenzi walikuwa wa dini mbili. Jingine likasema la, uzi ni mke wa pili.

Mama Wanga alikuwa na mimba ya miezi saba alipousikia kwa mara ya kwanza. Mumewe, mpima ardhi, aliupiga mluzi kila alipokuwa akinyoa ndevu, na mluzi wake ulikuwa mbaya kupita maelezo. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, ni wimbo huo mjane wake aliouweka ili apate kulia vizuri. Aliupenda kama wenzake wote walivyoupenda: wimbo mzuri, habari ya watu wengine.

Sasa, huyu mama alikuwa na kaka.

Wazazi wao walifariki kwa kufuatana, yeye akiwa na miaka tisa, kaka yake ishirini. Ndugu wa ukoo walikaa kikao wakataka kumgawa mtoto: huyu amchukue mwaka huu, yule mwaka kesho. Kaka akasema, "Mdogo wangu si sufuria ya kuazimana," akamshika mkono, wakaondoka. Alikuwa fundi wa redio. Watu walimwita Mawimbi. Kibanda chake kilikuwa na meza moja na viti viwili, na hicho kiti cha pili kilikuwa cha mdogo wake, kwa sababu fundi Mawimbi alikuwa na siri ambayo fundi wa redio hapaswi kuwa nayo: hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Ndani ya redio kuna vidude vidogo kama punje za mchele, vyenye mistari ya rangi. Mafundi huviita rezista. Rangi ndizo zinazosema kidude kina nguvu gani, na ukikosea, redio inatoa moshi badala ya taarifa ya habari. Basi kila siku baada ya shule, mtoto yule alikaa kwenye kiti chake na kusoma rangi kwa sauti. "Kahawia, nyeusi, nyekundu." Kaka anajibu, "Elfu moja," anaweka mahali pake. Walifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Wateja walidhani ni mchezo wao.

Ugomvi ulikuja na posa. Binti alikuwa mwaka wa pili wa chuo cha uuguzi, karo ikiwa imetoka kwenye mgongo wa kaka yake, alipompenda mpima ardhi aliyehamishiwa mkoa wa mbali. Alitaka kuacha chuo amfuate. Kaka alikataa. Alikataa kwa upole, kisha kwa ukali, na mwisho kwa matusi. "Ukitoka na bwana huyo," alisema, "usihesabu kwamba una kaka." Naye binti, hasira zikiwa zimempanda hadi kwenye nywele, akajibu neno ambalo baadaye angelipa chochote kulimeza: "Wewe si baba yangu. Hujawahi kuwa."

Asubuhi aliyoondoka, alisimama mlangoni na sanduku lake. Kaka alikuwa ameinamia redio. Hakuinua kichwa. Binti alisubiri, akahesabu hadi ishirini, akaenda zake.

Miaka miwili baadaye, mtoto wake alipoanza kutembea, alimwandikia barua. Haikujibiwa. Akajisemea kwamba kimya nacho ni jibu, akafunga ukurasa. Mumewe alimsihi mara nyingi waende, lakini aibu ni kama wanga: ukiiacha ikakauka, haikunjiki tena. Mumewe alipohamishiwa katika mji uleule alikozaliwa Mama Wanga, yeye alipita siku moja kwenye mtaa wao wa zamani na kukuta barabara pana ya lami mahali kibanda kilipokuwa. Hakuuliza mtu. Binti yake alijua tu kwamba ana mjomba mahali fulani, na kwamba si jambo la kuzungumzia mezani.

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mashine kubwa ya kupigia pasi ikiwa imepata moto. Mtangazaji wa redio alikuwa na mgeni studioni. "Kiti cha Pili" kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na mitano, na Chiriku, ambaye sasa alikuwa bibi wa wajukuu wanne, alialikwa kueleza kilivyozaliwa.

"Watu wote wanataka kujua," mtangazaji alisema. "Yule mpenzi alikuwa nani?"

Chiriku akacheka. "Hakukuwa na mpenzi. Nimelificha hili kwa miaka ishirini na mitano kwa sababu mtunzi aliniomba. Juzi nilimwendea nikamwambia, mzee, tunazeeka, niruhusu. Akasema, sema, lakini jina langu usilitaje."

"Kwa hiyo si wewe uliyetunga?"

"Mimi? Mimi nilipeleka redio yangu kutengenezwa. Nikamkuta fundi anafanya kazi huku anaimba chini chini, kile kibanda kizima kikanyamaza kumsikiliza. Nikamwambia, wimbo huu nauchukua. Akasema uchukue, labda utafika ninakotaka ufike. Tulipofika studio, mwenye studio akasema wimbo wa aina hii hautanunuliwa na mtu. Akabadilisha maneno mawili. Mawili tu. Hivi ndivyo ulivyokuwa."

Akaimba bila ala, kwa sauti iliyochakaa kidogo kingoni:

*Tundu la moto kwenye sweta yako*
*nililiziba kwa uzi wa rangi nyingine.*
*Rudi, mdogo wangu, uje unigombeze.*

Mama Wanga alikuwa ameshika ncha mbili za shuka. Mwenzake wa upande wa pili alivuta, akakuta hapavutiki. Shuka likasimama nusu ndani ya mashine, nusu nje, likaanza kunuka kuungua.

"Mama Wanga! Moshi!"

Mzee wa boila alitoka mbio akazima. Wakamwangalia. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kuunguza hata leso. Alikaa chini, palepale sakafuni penye maji, akasema kitu ambacho hawakukielewa: "Alikuwa anayeyusha risasi. Nikapitisha mkono mbele yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na miaka kumi na moja. Chuma cha moto, kile cha kuyeyushia risasi ya kuunganisha waya, kilipita kwenye sweta yake ya shule, kikatoboa tundu la ukubwa wa kifungo. Nyingine hawakuwa nayo. Kaka alikaa na sindano jioni ile, akashona kwa bidii kama daktari wa upasuaji, akamkabidhi akijivuna. Sweta ilikuwa ya kijani, na uzi mwekundu kama pilipili. Mtoto hakumwambia kitu hadi wanafunzi walipomcheka. Kaka alipojua, alitaka kuufumua, mtoto akakataa. Aliivaa sweta ile mpaka mikono ikaishia kwenye viwiko.

Mama Wanga alipiga simu kituo cha redio akitumia simu ya ofisi ya wauguzi. Msichana aliyepokea alivuta pumzi kama mtu aliyechoka. "Mama, wewe ni dada wa kumi na mbili tangu saa nne."

"Wa kumi na mbili?"

"Wote ni wadogo zake, wote wanalia. Mmoja ana sauti ya kiume."

"Mwambie Chiriku aniulize swali lolote," Mama Wanga alisema. "Lolote."

Ikasikika minong'ono, kisha sauti ile nyembamba ikaja. Chiriku hakumsalimu. "Uzi ulikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu, kwenye sweta ya kijani. Naye aliapa kwamba zinafanana."

Chiriku akasema taratibu, "Wenzako wote kumi na mmoja wamesema mweusi." Alipenga kamasi bila kuona haya. "Mama, una kalamu? Andika nikuelekeze."

Binti yake alikuwa fundi wa lifti, kazi aliyoichagua tangu akiwa mdogo bila mtu kujua kaitoa wapi. Alikuja kumchukua mama yake akiwa bado na sare yenye madoa ya grisi. Njiani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, ina maana wimbo uliochezwa kwenye harusi yangu ulikuwa ni mjomba anakuita?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulicheza."

"Nilicheza, mwanangu. Nilicheza sana."

Banda lilikuwa nyuma ya soko la vitambaa, mwendo wa nusu saa tu kutoka hospitalini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: nusu saa. Mlango ulikuwa wazi. Mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya alikuwa ameinamia spika iliyofunguliwa kifua, mgongo umepinda kidogo, kisogo kilekile.

"Weka hapo mezani," alisema bila kuinua kichwa. "Inasumbua nini?"

Njia nzima Mama Wanga alikuwa amepanga maneno. Angeanza na shikamoo, kisha angeomba radhi, kisha angeeleza. Sasa maneno yote yalimkimbia kama kuku walioona mwewe. Pembeni ya mkono wa kaka yake kulikuwa na kisahani cha rezista. Akaokota moja, akaisogeza kwenye mwanga.

"Kahawia," alisema. Akaigeuza mistari ionekane. "Kahawia, nyeusi, nyekundu."

"Elfu moja," fundi akajibu, kwa mazoea tu, mkono ukiwa tayari umenyooshwa kuipokea.

Kisha mkono ukabaki hewani. Alivua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena, akavua tena. Hakugeuka.

"Shikamoo, kaka."

"Nani anakusomea rangi siku hizi?" Mawimbi aliuliza, akiwa bado ameitazama spika, na swali lenyewe halikuwa na maana, naye alijua halina maana. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba." Akaendelea kuitikia kama mtu aliyelimbikiza itikio la miaka ishirini na sita na anataka kulimaliza kwa mara moja, hadi dada yake akazunguka meza akamshika kichwa akakilaza kifuani mwake.

Walikaa hivyo. Mteja mmoja alichungulia na pasi yake mkononi, akaona mambo, akaondoka kwa ncha za vidole.

"Nilimpa yule mwanamke wimbo nikajua wiki moja itatosha," Mawimbi alisema baadaye, alipoweza. "Wiki ikawa mwezi. Ukapigwa nchi nzima. Nikisikia watoto wanauimba njiani, nasema, amesikia. Haiwezekani hajasikia. Kama haji, basi amekataa."

"Nimeusikia kila siku ya Mungu, kaka. Nimeunyooshea mashuka ya hospitali nzima. Lakini ulisema mpenzi! Ningejuaje?"

"Si mimi niliyesema mpenzi! Ni wale mbwa wa studio!"

Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa dada, kikamrukia kaka, na wakacheka vibaya, kile kicheko kinachouma mbavu na kukaribia kilio. Alipotulia, dada akamwuliza kama hakuipata barua yake. Barua gani? Ile ya mwaka wa pili. Mawimbi akafikiri, akahesabu kwa vidole. Kibanda kilikuwa kimebomolewa miezi minne kabla, barabara ilipopanuliwa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakusubiri wewe," alisema, "na wewe unanisubiri mimi."

"Kama majuha wawili."

"Sema juha mmoja na mdogo wake."

Dada alitafuta pa kukalia. Palikuwa na kiti kimoja tu, alichokalia fundi. "Na hicho cha pili?" aliuliza. "Si unakifuta vumbi kila asubuhi?"

"Kilivunjika mwaka wa nne," Mawimbi alisema kwa aibu. "Mteja mnene. Nilimwambia asikikalie, hakusikia." Akamsogezea kasha la spika.

Bila mtu wa kumsomea rangi, alikuwa akipima kila kidude kwa mita, kimoja kimoja. Kazi ya saa moja ilimchukua siku nzima. Wateja walimwona mwangalifu sana, sifa zikaenea. Hakuwahi kumwajiri mtu. Hakueleza kwa nini, wala dada hakuuliza.

"Na mpima ardhi?" Mawimbi alisema hatimaye, macho yakiwa kwenye vidole vyake.

"Alifariki. Mwaka wa tatu huu."

"Alikutunza?"

"Alinitunza, kaka. Kila mwaka aliniambia twende kwa kaka yako. Mimi ndiye niliyekuwa mgumu."

"Basi nilimkosea mtu mwema, na sina tena pa kumwomba radhi."

"Binti yake yuko pale mlangoni. Anza na yeye."

Fundi wa lifti alikuwa amesimama nje muda wote, akiwapa nafasi, kofia ya kazi kwapani. Akaingia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mjomba." Mawimbi alimtazama juu mpaka chini: sare, bisibisi mfukoni, kucha zenye grisi. Hakusema neno la radhi wala la baraka. Alimpa ile spika. "Hebu niambie," alisema, "wewe unaona tatizo liko wapi?" Dakika kumi baadaye wote wawili walikuwa wameinama, wakibishana juu ya waya, na mama mtu akakaa kwenye kasha lake akiwatazama, machozi yakimtoka bila kelele, bila haraka.

Mwezi uliofuata palikuwa na onyesho la kuadhimisha miaka ishirini na mitano, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mkubwa wa mji. Chiriku aliwatumia tiketi tatu za mbele. Alitaka Mawimbi apande jukwaani. Mawimbi akasema hata kwa winchi hapandi. Basi wakakubaliana jambo moja: Chiriku ataurudisha wimbo kwenye maneno yake ya kweli. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuandika habari ile, watu wote walijua sasa.

Ukumbi ulijaa pomoni. Chiriku alipofika kwenye ubeti wenyewe, alifumba macho akaimba, "Tundu la moto kwenye sweta yako." Lakini watu elfu mbili, ambao walikuwa wakiimba naye tangu mwanzo, hawakusikia sweta yoyote. Waliimba moyo. Akainua sauti: "Rudi, mdogo wangu." Nao wakamfunika kwa mpenzi wangu, wazee kwa vijana, waliokumbatiana na waliokaa peke yao wakijifuta macho. Chiriku alishusha kipaza sauti, akawatazama, akatikisa kichwa akitabasamu, akawaachia wimbo waumalize wenyewe.

Mama Wanga alimgeukia kaka yake, akihofia ameumia. Mawimbi alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, miwani mkononi.

"Waache," alisema kwenye sikio lake. "Kila mtu ana mtu wake anayemwita. Wewe umeshakuja, mimi huo wimbo nautakia nini?"

Kisha akasema magoti yanamuuma na kelele zile zitamtoboa ngoma za masikio, wakatoka kabla onyesho halijaisha. Binti alibaki ndani, anaimba moyo pamoja na wenzake kwa nguvu zake zote.

Nje jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa na magari mengi. Walisimama ukingoni wakibishana njia ipi ni fupi. Mama Wanga alijua mji ule kama kiganja chake, lakini Mawimbi alikuwa hashindwi hoja tangu ujana. Magari yalipopungua, kabla hawajashuka, alinyoosha mkono bila kutazama akamshika dada yake kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Kaka," Mama Wanga alisema, "nina miaka arobaini na nane."

"Angalia gari," akasema Mawimbi, akamvusha.